Gego la Mizizi Mitatu

Hospitali, sindano za ganzi ziliisha tangu Pasaka, ila za mng'oa meno wa mnada wa Kiabakari haziishagi. Mwalimu Lukresia alimpanulia mdomo. Gego la chini, upande wa kulia, lilimnyima usingizi wiki nzima.

"Tayari, mama. Hili hapa," alisema jamaa, akimwekea jino kiganjani.

Jino lilikuwa kavu, halina hata tone la damu. Lukresia, shavu limekufa ganzi, akahesabu mizizi. Mitatu.

"Gego la chini linakuwaga na miwili. Mitatu ni la juu. Nafundishaga hayo darasa la sita."

"Kila mtu na mdomo wake, mwalimu."

"Haya. Ingiza kidole unionyeshe pengo."

Jamaa akacheka, akaingiza kidole.

Lukresia akafunga meno.