Siku Mbili Bila Kidonge

Tangu wilaya nzima iwekewe kidonge chini ya ngozi ya mkono, miaka sita iliyopita, hakuna anayetamani pombe. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unadondoka shambani bila mtu kuukinga.

Zamani kila Alhamisi nilitembea saa mbili hadi ghala la pareto, tulikokutana walevi kumi na mmoja tuliokuwa tunaacha. Mama Luvanda, mmoja wetu, alileta chai ya tangawizi. Kila mmoja alisimama akataja siku alizokaa bila kunywa, nasi tukamwitikia, "Tuko nawe." Nilipofikisha mia, walinisindikiza hadi nyumbani wakiimba.

Siku hizi hakuna cha kutaja. Tukikutana njiani tunasalimiana tu, kila mtu anashika njia yake.

Alhamisi hii asubuhi mke wangu, Tusekile, aliona bandeji mkononi mwangu.

"Umekitoa?"

"Juzi."

"Unataka kunywa tena, Baba Imani?"

"Nataka kwenda mkutanoni."

Akanitolea koti la baridi.

Ghalani nilimkuta Mama Luvanda peke yake na chupa ya chai. Naye alikuwa na bandeji. Nikasimama, nikasema, "Siku mbili."

"Tuko nawe," akaitikia, na tukacheka hadi machozi.

Wakati wa kurudi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, nilisikia ulanzi ukidondoka, nikautamani.