Dirisha la Mzee Shee

Mara mbili afisa wa hifadhi ya mji wa kale alimkatalia Mwanaidi dirisha la vioo. Nyumba za mtaa ule, alisema, hazina vioo. Lakini baba yake, Mzee Shee, alikuwa na pumu, na chumba chake kilikosa hewa tangu dirisha la zamani lioze likazibwa.

"Hebu tufanye kama walivyofanya wazee," alisema fundi Kombo. Akaleta dirisha la mvule lenye vibao vya mshazari, akalipachika.

Afisa alilikagua, akatia saini kibali. Mwanaidi alikuwa akimtazama baba yake tu.

"Vipi, baba?"

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Upepo unaingia."

Mwanaidi akashusha pumzi. Kivuli cha vibao kilikuwa kimemlalia mzee kifuani, kikipanda na kushuka polepole.