Kamera Inayoona Gizani

Mama mwenye klabu alikataa kununua kamera ya kuona gizani kabla hajaiona ikifanya kazi. Basi mchana ule fundi akaifunga ukumbini, madirisha yakafungwa, na baunsa akaambiwa asimame katikati.

Baunsa alikuwa shemeji yake fundi, kaka wa mkewe, pande la mtu. Siku ya posa alimkazia fundi macho mpaka soda ikampalia.

Taa zikazimwa.

Fundi alikuwa chumba cha pili, mbele ya skrini. Picha ilitoka safi kabisa. Shemeji amechuchumaa, amefumba macho, ameng'ang'ania spika kubwa kwa mikono miwili kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake sokoni. Midomo inamcheza. Anasali.

"Fundi! Anaonekana?" mwenye klabu akauliza kutoka koridoni, kwenye swichi. "Ngoja nije nijionee."

Viatu vyake vikaanza kugonga sakafu, ko, ko, ko. Fundi akaifikiria biashara yake. Akamfikiria shemeji, na klabu nzima itakavyomcheka. Akachomoa waya.

"Picha imekata, mama," akasema, jasho likimtoka. "Tuwashe taa tu, nitarudi kesho."

"Aa, usikate tamaa, baba. Haraka haraka haina baraka." Mama akavuta kiti, akaketi, kisha akapaza sauti: "Wewe huko ndani, usisogee! Taa tutawasha fundi akimaliza!"

Halafu kutoka ukumbini ikaja sauti nyembamba, ambayo fundi hakuwahi kuisikia.

"Shemeji... fanya upesi basi, ndugu yangu."