Pindo la Vidole Vinne

"Dawa ya tezi ya shingo kila siku, mpaka azeeke?" Fundi cherehani alimuuliza mkewe huku akifumua pindo la sketi ya shule ya binti yao. "Mtoto kamfuata mama yangu tu, mfupi. Atarefuka."

"Daktari kapima damu, baba watoto. Hakubahatisha."

Fundi akaendelea kufumua. Sketi za binti yake alizishona na pindo la vidole vinne, ili alishushe kidogo kila mwaka shule zikifunguliwa. Hii ilikuwa ya miaka miwili. Mwaka jana alibanwa na nguo za watoto wa watu, hakulishusha, na hakuna aliyemkumbusha.

Uzi wa mwisho ukakatika, pindo likafunguka. Nje, sketi ilikuwa imepauka. Ndani, vidole vyote vinne, kitambaa kilikuwa bado buluu ya dukani, hakijaguswa na jua.

Binti akaivaa, ikamzidi urefu, akajitazama kwenye kioo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba, hii ya nani?"

Fundi akapiga goti, pini mdomoni, akalikunja pindo; likamkaa palepale pa miaka miwili iliyopita. Kisha akazitoa pini, moja moja.

"Mama watoto," alisema, "hicho kidonge anameza kabla ya chai au baada?"