Pete za Povu

Baba mkwe wangu, Malachy, ameuza bia nyeusi maisha yake yote katika baa yake mjini Galway. Jumapili iliyopita alionja ile niliyoipika nyumbani, akanirudishia glasi.

"Kijana, hii ni bia au umesuuza sufuria?"

Mke wangu alicheka mpaka akatokwa na machozi. Mimi sikucheka. Kesho tunambatiza mtoto wetu, ukoo mzima unakuja, na bia ya kuwapa ni pipa hilo hilo moja. Kopo la rojo ya kimea nililonunua dukani lilisema niongeze maji hadi kwenye alama, nami kwa tamaa ya bia nyingi nikaipita.

Basi nikachemsha shayiri iliyokaangwa ikawa nyeusi kama kahawa, nikaichuja, nikamimina maji yake pipani pamoja na sukari ya maziwa, ambayo haichachi bali huipa bia uzito.

Leo Malachy amepiga funda moja, kisha akainua glasi dirishani. Povu lilikuwa limeacha pete nene ndani ya glasi, na pete haikuteremka, kama inavyokuwa kwa bia nzito.

Akanywa tena. Pete ya pili ikabaki chini ya ile ya kwanza.

"Baba, si useme basi!" mke wangu akamhimiza.

"Hebu niache, mwanangu. Si unaona nakunywa?"

Ndipo nikavuta kiti, nikakaa.