Kumbukumbu ya Msanifu

Kila msanifu aliyegombea kujenga Jumba la Nyaraka alitakiwa kukabidhi kumbukumbu yake moja, itolewe kichwani isirudi tena. Aliyetoa iliyo nzito kuliko wenzake ndiye aliyepewa kazi. Kalunde alimwapia mkewe kwamba angetoa siku ya mahafali yake ya chuo.

Jioni alirudi na ushindi, amekunjua uso. "Nyamizi, nimewabwaga wote."

Mkewe alishika ukingo wa meza. Tangu wampate mtoto wao Shija, na hata baada ya kumzika, Kalunde hakuwahi kumwita jina lingine ila Mama Shija. Kumbe mahafali yake alibaki nayo.

"Karibu chakula, Baba Shija," alisema polepole.

Kalunde aligeuka kutazama mlangoni, aone ni mgeni gani anayekaribishwa.