Mgeni wa Baiskeli ya Samawati

Mara ya tatu walipoufikia ule mti uliolala njiani, Muange alimshukuru Mungu kwa kumpa mgeni asiyependa maswali.

"Mti mzuri huu," alisema Abdulwahab, akiivusha baiskeli yake juu ya gogo.

"Mzuri sana," Muange akajibu. "Wageni wengi huupenda."

"Bila shaka," alisema Abdulwahab, na wakapanda tena.

Ukweli ni kwamba Muange hakuijua hifadhi hii hata kidogo. Alikuwa ameingia mara moja tu, darasa la sita, ndani ya lori la shule, na njia nzima alikuwa ameinamisha kichwa akitapika. Lakini Bi Purity, mwenye afisi ya kutembeza watu kwa baiskeli, alipomwuliza kama anaujua msitu, ulimi ukamtangulia: naujua nje ndani.

"Haya, Jumamosi nitakujaribu," alisema Bi Purity. "Nina watu wawili wa kujaribu na nafasi ni moja. Mgeni akikusifu, kazi ni yako. Akilalamika, rudi kwenu Kinango. Utamkuta langoni saa moja, na utamjua kwa baiskeli yetu ya samawati."

Kinango kulikuwa na punda wawili na mitungi ya maji iliyokuwa ikimngojea. Lakini si hiyo iliyomkosesha usingizi. Mama yake, Mutheu, alikuwa ameshasimama kanisani na kutangaza kwamba mwanawe sasa ni afisa wa wanyamapori. Watu walipiga makofi. Mchungaji alimwombea.

Saa moja kamili Muange alipofika langoni, akisukuma baiskeli aliyopewa na afisi, nayo ya samawati, alimkuta mwanamume wa rika lake amesimama kando ya baiskeli ya samawati, kofia ngumu imefungwa kidevuni.

"Karibu sana, bwana," alisema yule mwanamume kabla Muange hajafungua kinywa. "Mimi ni Abdulwahab, wa Msambweni."

Muange alikuwa ameishi na Waswahili kiasi cha kujua kwamba mtu akikukaribisha hubishani naye, hata kama ni wewe uliyestahili kumkaribisha yeye. "Ahsante, nimekaribia," akasema. "Naitwa Muange. Ungependa tuanzie wapi?"

"Popote upendapo, bwana. Siku ni yako."

Muange akapenda kushoto, kwa sababu kushoto kulikuwa na mteremko.

Mteremko uliwatumbukiza kwenye mchanga laini uliomeza magurudumu, wakashuka na kusukuma hadi jasho likawaingia machoni. Baada ya mchanga wakatokea kwenye uwanda wa nyasi usio na kivuli hata cha kuku. Hapo Abdulwahab alitoa chupa ya maji na kumpa Muange anywe kwanza. Muange akaona haya, maana hilo lilikuwa jukumu lake. Akatoa ndizi. Abdulwahab akatoa mahamri. Muange akatoa karanga. Walipoingia msituni walikuwa wameshiba wote wawili, na hakuna aliyekuwa ameshindwa kwa ukarimu.

Ndege mmoja mwenye mkia mrefu akapita juu yao.

"Yule ni ndege wa huku," Muange alieleza.

"Wa huku hasa," Abdulwahab akakubali. "Hula matunda."

"Na wadudu."

"Na wadudu, ndio."

Muange akaridhika. Mgeni huyu alikuwa amesoma.

Kwenye kona iliyofuata wakakuta kinyesi cha ndovu katikati ya njia, kingali kinafuka moshi.

"Cha jana," alisema Muange.

"Cha juzi," alisema Abdulwahab, ambaye wakati huo alikuwa ameshamtangulia hatua ishirini.

Walikimbiza zile baiskeli juu ya mizizi na mawe, mpaka ule mti uliolala njiani ukatokea tena mbele yao. Safari hii Abdulwahab hakuusifu. Alikaa juu ya gogo akijifuta uso, na Muange akamwonea huruma ya kweli. Mtu ameacha nyumba yake, ameamini, na sasa atakufa na njaa kwa sababu ya mwongo mmoja wa Kinango. Akaamua kumwambia.

Ndipo aliposikia kengele ya ng'ombe.

Msitu hakuujua, lakini ng'ombe aliwajua tangu utotoni. Palipo na kengele pana mchungaji, na palipo na mchungaji pana njia ya kwenda nyumbani. "Nifuate, bwana," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kama mtu anayejua asemalo. Wakapenya vichakani, wakainama chini ya waya, wakatokezea kwenye shamba la mananasi na barabara ya changarawe.

"Mashallah," alisema Abdulwahab, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Umeendesha vizuri sana."

Muange nusura alie. Kazi ilikuwa imepatikana. Kilichobaki ni kumwomba mgeni aseme neno hilo hilo afisini, na alikuwa akitafuta namna ya kuomba bila kuonekana anaomba, mtandao uliporudi na simu zao zikalia zote mbili kwa pamoja.

Ujumbe ulitoka kwa Bi Purity: "Uko wapi? Wageni wote wawili wako langoni tangu saa moja na robo."

Muange aliusoma mara mbili. Alipoinua macho, Abdulwahab alikuwa bado anaitazama simu yake mwenyewe, jasho jipya likimtiririka.

"Samahani, bwana," alisema Abdulwahab kwa adabu zake zote. "Kwani wewe si mgeni wangu?"